Waliniandika Mtu wa Mombasa

Video ya kujitambulisha ilitakiwa iwe ya dakika mbili. Niliirekodi mara saba, na ile ya kwanza peke yake ndiyo ilikuwa ya kweli.

Katika ile ya kwanza nilisema kwamba mimi ni mwalimu wa Kiswahili, kwamba nimesimama mbele ya darasa miaka ishirini na mmoja, kwamba naishi Lanet, nje kidogo ya mji wa Nakuru, na kwamba nililelewa kwenye shamba la mkonge upande wa Mogotio. Nilisema Kiswahili ndiyo lugha niliyoongea tangu nianze kuongea. Nilivaa blauzi ya kijani niliyokuwa nikivaa siku za mikutano ya wazazi, na nilikuwa nimesukuma kabati hadi kwenye kona ili ukuta ulio nyuma yangu uonekane safi. Nje, wanajeshi wa kambi iliyo jirani walikuwa kwenye mazoezi ya kulenga shabaha, kwa hiyo nilingoja wanyamaze kwanza. Nikarekodi, nikaituma, nikajiona nimefanya kazi nzuri.

Kampuni yenyewe iliunganisha walimu wa lugha na wanafunzi walio ng'ambo, kila mtu akiwa kwake mbele ya skrini. Msimamizi wetu alikuwa mwanamke kijana wa Nairobi ambaye sikuwahi kumwona ana kwa ana. Alipenda kutuma ujumbe wa sauti kuliko kuandika. Chai yangu haikuwa imepoa alipojibu.

"Madam, iko poa sana. Una sauti nzuri. Lakini hiyo Nakuru tuitoe. Sema unatoka Mombasa. Wanafunzi wetu wanataka Kiswahili original."

Niliusikiliza ujumbe huo mara tatu. Nikamrudishia wa kwangu, kwa adabu, nikimweleza kwamba Mombasa nimefika mara moja tu maishani. Tuliwapeleka watoto wa darasa la saba, siku tatu, na siku zote tatu nilikuwa chumbani nikimkandakanda mtoto aliyekuwa akitapika. Kama pwani ina uzuri, mimi niliuona kupitia dirishani nikiwa na beseni mkononi.

"Haina shida, madam," alijibu. "Si lazima ueleze sana. Useme tu bibi yako ndiye alikufundisha, karibu na bahari. Na useme 'bibi', usiseme 'nyanya'. Nyanya watadhani ni ya kupika."

Sasa wacha nieleze kwa nini hasira yangu haikuwa ya kudanganya tu, kwa sababu nimewahi kudanganya mambo makubwa kuliko hayo na nikalala vizuri.

Baba yangu alikuwa Mkikuyu, dereva wa trekta. Mama yangu ni Mtugen aliyekuja shambani kukata mkonge akiwa msichana. Walikutana kwa Kiswahili, wakapendana kwa Kiswahili, wakagombana kwa Kiswahili, na sisi watoto wanne tukazaliwa ndani ya Kiswahili hicho hicho. Kwenye laini zetu, zile nyumba za wafanyakazi zilizopangwa mstari mmoja kama mabehewa, kulikuwa na Waturkana, Waluhya, Wakisii na Waluo, na hakuna aliyekuwa na lugha ya kumtosha jirani ila hiyo. Kilikuwa Kiswahili cha "hiyo mtoto" na "ng'ombe yangu imepotea", ngeli zote zimelala chali. Lakini ndicho nilichonyonya. Sikuwahi kuota ndoto kwa lugha nyingine. Nilipofika shuleni na mwalimu akatuandikia ubaoni "mtoto huyu, watoto hawa", nilihisi kama mtu aliyeonyeshwa mifupa iliyo ndani ya mkono wake mwenyewe. Niliipenda ile sarufi kama wenzangu walivyopenda mpira.

Fomu ya kampuni ilikuwa na kisanduku cha lugha ya kwanza. Nilichagua Kiswahili. Nilipoendelea nikachagua Kenya, kisha Nakuru, mfumo wenyewe ukakigeuza Kiswahili kuwa lugha yangu ya pili, na pale juu ukaacha nafasi tupu ukisubiri nijaze lugha ya kwanza. Nilirudi nikabadilisha. Ukageuza tena. Nilijaribu mpaka kidole kikaniuma. Lakini ukichagua Mombasa, mfumo ulikubali bila maswali, na kando ya picha yako kukatokea nembo ya buluu: mzawa wa lugha. Wenye nembo ndio waliopangwa juu, ambako wanafunzi wanatazama. Wengine tulikuwa chini huko, ambako hakuna anayefika.

Kwa hiyo ili niandikwe jambo la kweli, kwamba Kiswahili ni lugha yangu, ilinibidi niseme uongo kuhusu nilikozaliwa. Hicho ndicho kilichonichoma. Kinanichoma hadi leo ninapoandika haya.

Nilikubali. Shule ya kibinafsi niliyofundishia ilikuwa imetuachisha walimu sita kwa ujumbe mmoja wa simu, bila hata kutuita ofisini, na nilikuwa nimekaa nyumbani miezi mitano nikisahihisha makosa ya magazeti kwa kalamu nyekundu kwa kukosa daftari za kusahihisha. Mtu aliyezoea kuitwa mwalimu akikaa miezi mitano bila kuitwa hivyo, anaanza kukubali mambo. Nikarekodi tena. Msimamizi akasema niongeze tabasamu. Nikarekodi tena. Akanitumia picha ya minazi na maji ya buluu niiweke nyuma yangu, ile ya kompyuta inayofunika ukuta. Kila nilipogeuza kichwa, sikio langu lilimezwa na mnazi. Ya saba ndiyo waliyoipenda.

Siku hiyo nilipata nembo. Mama, anayeishi nami tangu baba afariki, alipita nyuma yangu akiwa na sufuria ya viazi na akaona kwenye skrini kwamba amepita ndani ya bahari.

"Hapa ni wapi?" akauliza.

"Mombasa."

Akaitazama ile skrini kwa muda. "Na hapa Nakuru mimi niko na nani?" akasema, akaenda zake jikoni.

Mwanafunzi wangu wa kwanza alikuwa muuguzi mstaafu, mama wa miaka sitini na kitu, wa nchi moja ya baridi huko kaskazini mwa Ulaya. Alikuwa mwanafunzi ambaye kila mwalimu humwomba Mungu ampe. Alifanya kazi ya nyumbani yote na ziada. Aliandika ngeli kwenye karatasi za rangi akazibandika kwenye friji, kwenye mlango, kwenye kioo cha bafu. Alinionyesha kwa kamera, huku akisoma: "Mlango huu, milango hii." Alinisalimu kila Jumanne na Alhamisi kwa sauti ya mtu anayefungua zawadi: "Mwalimu wangu! Habari za Mombasa?"

"Njema," nilijibu. Nje ya dirisha langu mvua ya mawe ilikuwa inapiga mabati ya jirani.

Na hapa siwezi kumlaumu msimamizi. Yeye alinipa bibi na bahari basi. Mimi ndiye niliyempa huyo bibi nyumba yenye baraza, nikampa desturi ya kukaanga samaki alfajiri, nikampa namna ya kunikemea nikikosea. Mwanafunzi aliuliza, nami nikajibu, na kila jibu lilizaa swali. Kufikia mwezi wa tatu yule bibi wa uongo alikuwa ana tabia nyingi kuliko nyanya yangu wa kweli, mzaa baba, ambaye aliuza mboga kwenye geti la shamba na kunifundisha matusi ya lugha nne.

Halafu kampuni ikaleta sharti jipya. Kila mwalimu ajiandikishe pia kama mwanafunzi, asome lugha yoyote kwa wiki nane bila malipo, ili aelewe kiti cha mwanafunzi kinavyokaliwa. Kulikuwa na Kifaransa, Kichina, Kihispania. Chini kabisa kulikuwa na lugha za kwetu. Nikaona Kitugen. Nilikitazama muda mrefu. Nina umri wa miaka arobaini na nane na lugha ya mama yangu naijua maneno kama kumi, saba kati yake yakiwa ya kufukuza mbuzi. Nikabonyeza.

Mwalimu wangu alikuwa kijana wa miaka kama thelathini, shati limenyooshwa vizuri, na nyuma yake picha ya milima. Alijitambulisha kuwa anatoka Baringo, karibu na Kabarnet. Somo la kwanza lilikuwa, bila shaka, kujitambulisha. Alisema sentensi, nikairudia. Jina langu ni nani, natoka wapi, nafanya kazi gani. Nilikuwa nimefundisha somo hilo mara elfu na sikuwahi kujua lilivyo gumu. Ulimi ulikataa. Nilisikia joto la masikio, lile la mtoto aliyesimamishwa mbele ya darasa.

Nilipomaliza nilimkuta mama amesimama mlangoni. Sijui alikuwa hapo tangu lini.

"Unafanya nini?"

"Najifunza Kitugen, mama."

"Kwa simu."

"Kwa kompyuta."

"Na mimi niko hapa." Aliongea polepole. "Niko hapa nakula viazi yako kila siku, na wewe unaenda kuuliza mtu ya kompyuta lugha yangu. Ungeniuliza."

Sijui kilichonipanda. Nilimwambia nilikuwa nyumbani mwake miaka kumi na minane na hakunipa neno hata moja la kwao. Nikamwambia angenifundisha nikiwa mdogo, singekuwa nikiulizwa leo na fomu lugha yangu ya kwanza ni ipi na kukosa la kujaza. Nilipaza sauti. Kwa mama yangu, wa miaka sabini na minne.

Hakunijibu kwa hasira. Alivuta kiti akakaa.

"Baba yako alisema asiwafundishe yake, na mimi nisiwafundishe yangu. Tulipatana. Hapo kwa laini watu walikuwa wanasikiliza watoto. Mtoto akilia, wanasikiliza analia kwa lugha gani, wanajua nyumba ni ya nani, ni kabila gani ya kufukuza kukiwa na fujo. Tulitaka msikike kama kila mtu." Akapangusa meza iliyokuwa safi. "Tulifanya vizuri. Hakuna mtu alijua nyinyi ni wa nani. Hata nyinyi."

Nilikuwa na hasira ile ile, ila sasa haikuwa na mtu wa kumwelekea.

Somo la pili mama alileta kiti chake akakaa nje ya kamera. Kijana alianza vizuri. Baada ya dakika kumi mama akainama akaingia kwenye picha, akamwambia jambo kwa Kitugen, kwa haraka. Kijana akashtuka, akajibu. Mama akauliza tena. Kijana akajibu kwa maneno machache zaidi. Nilimwona akitoa kitambaa na kujipangusa jasho.

"Huyu si wa kwetu," mama akaniambia bila kushusha sauti. "Huyu ni Mkipsigis. Tunasikizana, lakini si wa kwetu. Mwulize anatoka kwa nani."

"Shikamoo, mama," kijana akasema kwa Kiswahili, uso umemshuka. "Ni kweli. Mimi ni wa Molo, na naishi Njoro. Walikosa Mtugen. Wakaniambia niseme Kabarnet, hakuna mtu atajua tofauti."

Mama alicheka hadi akakohoa. Mimi pia nilicheka. Nilimcheka yule kijana wiki nzima, nikimsimulia jirani, nikimwigiza alivyotoa kitambaa, kana kwamba mimi mwenyewe sikuwa na mnazi sikioni kila Jumanne na Alhamisi.

Simu ya muuguzi ilinikuta nikianika nguo. Ilikuwa asubuhi ya Jumamosi, siku isiyo ya somo, na ilikuwa ya video, kwa hiyo nilidhani ameibonyeza kwa bahati mbaya. Nikapokea nikiwa na vibanio mdomoni.

"Mwalimu wangu!" Alikuwa amevaa kofia pana, jua limemfanya mwekundu, na nyuma yake kulikuwa na barabara, tuktuk na ukuta wa nyumba ya zamani. "Nimefika! Niko Mombasa! Nilitaka kukushangaza. Niambie, nyumba ya bibi yako iko mtaa gani? Nimeleta zawadi yake."

Nilitoa vibanio mdomoni kimoja kimoja. Nyuma yangu kulikuwa na shuka, ndoo, na kuku wa jirani. Hakukuwa na picha ya kufunika chochote. Naye alikuwa anatazama, tabasamu bado liko, lakini macho yameanza kusoma.

"Siko Mombasa," nikasema. "Naishi Nakuru. Nimezaliwa huku. Bibi hayuko. Hakuwahi kuwako."

Tuktuk ilipita. Kisha akaongea taratibu, kwa Kiswahili, ingawa angeweza kunigombeza kwa lugha iliyomjia kwa urahisi zaidi.

"Kwa nini ulinidanganya?"

Hakukosea hata silabi moja. Nilijaribu kumweleza habari za fomu, nembo, msimamizi. Nilisikia ninavyosikika. Alisubiri nimalize, kama alivyokuwa akisubiri kila mara.

"Na Kiswahili ulichonifundisha," akasema, "hicho ni cha kweli?"

Nimeulizwa mengi na wazazi, wakaguzi, walimu wakuu na watoto wakorofi. Hakuna swali lililonikata kama hilo. Nilimwambia ni cha kweli, ndicho pekee cha kweli. Akasema asante. Akakata simu. Sikumsikia tena. Zile karatasi za rangi sijui kama bado ziko kwenye friji yake.

Jumatatu niliitwa kwenye kikao. Msimamizi alikuwepo, kamera imezimwa, herufi mbili za jina lake ziko kwenye duara la kijivu. Alinisomea kwa sauti ya karani kwamba mwanafunzi amelalamika, kwamba kampuni inathamini uaminifu, na kwamba kutoa taarifa zisizo za kweli kuhusu nafsi yako ni kuvunja masharti.

"Si wewe uliniambia niseme Mombasa?"

"Madam, sisi tulikupa mwongozo tu. Profaili ni yako. Ulijaza mwenyewe."

"Uliniambia niseme 'bibi' nisiseme 'nyanya'."

"Sikumbuki hivyo, madam."

Nikachukua simu yangu, nikaileta karibu na kipaza sauti cha kompyuta, nikabonyeza. Sauti yake ikajaa chumbani mwangu: hiyo Nakuru tuitoe, sema unatoka Mombasa, wanataka Kiswahili original. Nikabonyeza ya pili. Nyanya watadhani ni ya kupika.

Lile duara la kijivu halikuwa na uso wa kuona haya.

"Madam, kwani ulikuwa unanirekodi?"

"Ulijirekodi mwenyewe!" Hapo ndipo nilipopasuka. Nilimwambia mambo ambayo sikuwahi kumwambia mtu mzima. Nilimwambia amenitoa kwetu kwa kidole kimoja, halafu ananihukumu kwa kutokuwako. Nilimwambia mimi ni mzawa wa lugha hii kuliko yeye anayenisomea barua ya Kiingereza kwa kuitafsiri, na kwamba ametumia "ambao" mahali pa "ambazo" mara mbili tangu kikao kianze. Sijivunii hilo la mwisho. Nimewafanyia watoto hivyo hivyo, kuwasahihisha sentensi wakati wanalia, na ninajua ni ukatili. Lakini nilisema, na nilipenda kulisema.

Skrini ilinitoa nje katikati ya neno. Akaunti yangu haikufunguka tena. Picha yangu, ile yenye minazi, ilibaki kwenye tovuti yao kwa majuma, ikitabasamu, na maandishi chini yake yakisema mwalimu huyu hapatikani kwa sasa.

Yule kijana wa Njoro ndiye aliyenipigia. Alikuwa amesikia. Tulikutana hotelini mjini, mahali pa chai na mandazi karibu na soko, na ana kwa ana alikuwa mrefu na mwenye haya nyingi. Nilimwomba msamaha kwa kumcheka. Akasema ni sawa, hata mkewe alicheka. Kisha akatoa simu yake, na kwenye kundi la walimu ambalo mimi nilikuwa nimeondolewa, akaandika swali moja: wenzangu, kwa ukweli tu, nani hapa anatoka anakosema anatoka?

Tuliagiza chai ya pili tukisubiri. Ilikuwa kama kutazama maji yakianza kuchemka. Mwalimu mmoja wa "Malindi" akaandika kwamba yuko Kitale. Wa "Lamu" alikuwa Webuye, na hajawahi kufika hata Voi. Wa "Mombasa Mjini" alikuwa Rhonda, anafundisha akiwa kwenye chumba cha nyuma cha saluni ya dada yake, mwendo mfupi tu kutoka hapo tulipoketi. Na mmoja tu alikuwa mtu wa pwani kweli, mama Mdigo wa kijijini huko Kwale. Yeye aliandika kwamba walimwambia Kiswahili chake kina lafudhi ya shamba, ajaribu kusikiliza video za walimu wengine wenye nembo aone wanavyotamka. Walimtumia ya kwangu.

Niliisoma mara mbili. Kisha nikaweka simu mezani kwa nguvu mpaka mwenye hoteli akageuka.

Tuliandika barua, watu sita, tukitaja majina yetu halisi na makwetu halisi. Tulidai mambo mawili: fomu imwache mtu aseme lugha yake ya kwanza ni ipi, na waliosema uongo kwa kuagizwa wasifukuzwe kwa uongo huo. Jibu lilikuja baada ya wiki mbili, la kutushukuru kwa maoni yetu ya thamani. Siku hiyo hiyo kundi likafungwa. Mwezi uliofuata kijana akanionyesha fomu mpya. Walikuwa wameondoa kisanduku cha unakotoka. Badala ya kutuacha tuseme kweli, waliamua hakuna anayetoka popote. Nembo ya buluu wameibakiza, na siku hizi hutolewa kwa yeyote ambaye kampuni imesikiliza sauti yake ikaridhika. Hakuna anayejua ni nani anayesikiliza.

Nafundisha sasa kwa njia yangu, wanafunzi wachache, wengi wao watoto wa Wakenya walio ughaibuni ambao wazazi wao wananipata kwa kuambizana. Na mama ananifundisha, asubuhi, tukimenya viazi. Ni mwalimu mbaya sana. Hana subira, hana mpango wa somo, na ukiuliza kwa nini neno liko hivyo anakuambia liko hivyo. Tunagombana karibu kila siku.

Desemba iliyopita tulienda kwao, vilimani Baringo, kwenye koito, ile sherehe ambapo upande wa kijana unakuja kumposa msichana. Msichana alikuwa mjukuu wa dada yake mama. Kama ilivyo kila mahali kwetu, kabla ya chakula kulikuwa na kujitambulisha, na mshereheshaji akawa anazungusha maikrofoni kwenye hema, mtu kwa mtu. Alipofika kwangu alimtazama mama, akanitazama mimi, akacheka kwa wema.

"Wewe dada wa Nakuru, sema tu kwa Kiswahili. Tutakuelewa."

Hakuwa na ubaya. Lakini nilikasirika, hasira ile ile ya fomu, kwamba hata hapa kuna mtu amekwisha kunijazia kisanduku. Nikaishika ile maikrofoni.

"Chamgei," nikawasalimu.

"Chamgei mising," hema lote likajibu.

Nikaendelea. Nikasema jina langu. Nikasema mimi ni mtoto wa nani. Kwenye sentensi ya tatu nilikosea, na wasichana waliokaa nyuma wakaangua kicheko. Mama aliinamisha kichwa akawa anatazama viatu vyake. Sikuacha. Nilisema ninapoishi, nikakosea tena, wakacheka tena, na mimi nikaisogeza maikrofoni karibu zaidi na mdomo. Nilipotaka kusema mimi ni mwalimu, neno likanitoka kichwani kabisa. Nikainua mkono nikaandika hewani kwa kidole, kama niko mbele ya ubao.

Kutoka upande wa akina mama wazee, shangazi mmoja nisiyemjua akalisema lile neno kwa sauti kubwa, kama anayemrushia mtu kitu.

Nikalirudia. Akatikisa kichwa, akalisema tena, akivuta ile sehemu ya mwisho niliyokuwa nimeikata.

Nikalirudia vizuri, nikamaliza sentensi yangu, nikampa mama maikrofoni.